Geuza Kamera: Historia Fupi ya Picha za Bustani za Burudani

Babangu alipofariki mwaka jana, kazi niliyopewa na familia ilikuwa ndogo tu: nitafute picha kumi za kijitabu cha mazishi. Kama umewahi kumzika Mkenya hapa Uingereza, unakijua hicho kijitabu. Mbele picha kubwa, ndani wasifu na nyimbo, na katikati kurasa mbili za picha: marehemu akiwa kijana, marehemu siku ya harusi, marehemu na watoto wake. Nikadhani ni kazi ya jioni moja.

Nikateremsha masanduku ya albamu kutoka darini. Picha za likizo zilikuwa nyingi ajabu, maana baba alikuwa na ugonjwa wa bustani za burudani. Kila kiangazi lazima twende. Kuna picha za gurudumu kubwa, za farasi wa kuzunguka, za sisi watoto na pamba ya sukari usoni kote, na za rola kosta, yaani yale mabehewa ya reli yanayokupandisha pole pole mpaka juu kisha yanakutupa chini moyo ukibaki nyuma. Nilihesabu zaidi ya picha 200. Baba alikuwemo kwenye moja. Na hiyo moja, nitawaeleza mbele, si picha ambayo mtu angeichagua.

Usiku ule nilikasirika kidogo, sijui na nani. Picha 200, na karibu zote zinafanana: sisi tumesimama mstari, mikono ubavuni, nyuma yetu mlango wa bustani. Unaweza kuzichukua albamu za familia yoyote niliyokua nayo mtaani ukakuta picha zile zile na sura nyingine. Basi nikaanza kusoma. Nani alitufundisha kusimama hivi? Na je, kuna mtu aliyewahi kupata picha yake mwenyewe, ya kisanii, mahali ambapo kila kitu kimeshapangwa ili kipigwe picha? Haya ndiyo niliyoyapata.

Kamera na bustani: watoto wa nyumba moja

Hadithi hii huanzia sehemu nyingi, lakini mimi naianzia Coney Island, ufukweni Brooklyn, New York. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua pale reli yake ya kupanda na kushuka, nauli senti 5. Mwaka 1897 George Tilyou akafungua Steeplechase Park. Mwaka 1903 ikaja Luna Park, na mwaka uliofuata Dreamland, zote zikiwa zimepambwa kwa minara na taa za umeme zisizohesabika, wakati ambapo nyumba nyingi za wafanyakazi hazikuwa na umeme hata chumba kimoja. Huku Uingereza, Blackpool Pleasure Beach ilianza mwaka 1896, na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire walifika kwa treni, mji mzima kwa wiki moja, kwa sababu viwanda vyao vilifungwa kwa pamoja.

Sasa angalia tarehe. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera iitwayo Brownie, boksi dogo la bei ya dola 1, na hapa Uingereza shilingi 5. Ilitangazwa kama kamera ambayo hata mtoto anaiweza. Kabla ya hapo picha ilikuwa jambo la studio na la wenye pesa. Kwa hiyo bustani ya burudani na kamera ya mtu wa kawaida zilikua pamoja kama watoto wa nyumba moja. Mtu alipata siku yake ya kwanza ya mapumziko na kamera yake ya kwanza karibu wakati mmoja.

Ambaye hakuwa na kamera hakuachwa. Kwenye miji ya ufukweni ya Uingereza, kati ya miaka ya 1920 na 1950, kulikuwa na wapiga picha wa barabarani. Unatembea zako na mchumba wako, ghafla mtu anakupiga picha na kukupa tikiti. Baadaye unapita kwenye kibanda chao, unaiona picha yako imebandikwa ukutani, unalipa. Kulikuwa pia na ubao wenye tundu: unaingiza kichwa, unakuwa mtu mnene mwenye nguo ya kuogelea, au mpanda farasi. Na kulikuwa na studio za ufukweni zenye pazia lililochorwa na meli ya mbao isiyokwenda popote. Hali ilikuwa ile ile kote. Kwa dakika moja unakuwa mtu mwingine, na picha inakuwa ushahidi.

Nilipofika hapo nikacheka peke yangu, kwa sababu hiyo meli isiyokwenda popote tulikuwa nayo nyumbani kwetu. Miaka ya 1990 shangazi yangu alituma picha kutoka Mombasa, akiwa amesimama na gauni lake zuri mbele ya ndege. Nikiwa mtoto niliamini kabisa kwamba shangazi amepanda ndege. Kumbe alikuwa Likoni, karibu na feri, kwenye moja ya vile vibanda vya wapiga picha vilivyojulikana kwa mapazia yao: ndege, meli, majumba marefu, maua ya plastiki. Watu walishuka kwenye feri wakiwa na nguo zao za sikukuu, wakapiga picha, wakawatumia jamaa.

Sisi tulimjibu shangazi kwa picha gani? Picha ya Blackpool, bila shaka. Watoto wawili wamesimama wima mbele ya mnara. Yeye anasimama mbele ya ndege ambayo haruki nayo, sisi tunasimama mbele ya rola kosta ambayo, kusema kweli, mara nyingi hatukuwa na pesa ya kuipanda zaidi ya mara moja. Pande zote mbili ujumbe ni mmoja: tumefika mahali, msituonee huruma.

Kwa hiyo ile mistari yetu migumu, mikono ubavuni, haikuwa ukosefu wa ubunifu. Babangu alikuwa amekulia kwenye picha za studio. Kwake picha ilikuwa heshima, na heshima husimamiwa wima.

Bustani inapoanza kukuambia usimame wapi

Tarehe 17 Julai 1955 Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California. Kodak walikuwa pale tangu mwanzo na duka lao. Baadaye, kwenye bustani za Disney, viliwekwa vibao vya Kodak vilivyokuonyesha mahali pa kusimama ili upate picha nzuri. Hebu fikiria hilo. Huhitaji tena kutafuta. Kasri limejengwa, njia imepindwa ili ulione kasri vizuri, na kibao kinakuambia: hapa. Mamilioni ya watu wakasimama hapo hapo na kurudi nyumbani na picha ile ile, kila mmoja akiwa na furaha kwamba ni yake.

Kisha ikaja kamera ya kwenye reli. Mabehewa yakifika kwenye mteremko, kifaa kinahisi, flashi inawaka, na ukitoka unaikuta sura yako kwenye skrini, mdomo wazi. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa imeenea bustani nyingi. Hapo hata mpiga picha ameondolewa. Na simu zilipochukua nafasi ya filamu, Kodak wenyewe waliomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika Januari 2012. Mwaka 2015 bustani za Disney zilipiga marufuku fimbo za selfi. Lakini mahali pa kusimama ni pale pale.

Waliogeuka

Ndipo nikaanza kutafuta waliokataa kusimama hapo. Niliwapata wengi, nitataja wachache.

Mwaka 1928 kijana Walker Evans, kabla hajawa jina kubwa, alipiga picha Coney Island ya mwanamume na mwanamke waliompa mgongo. Hawamtazami. Unaziona nguo zao, mabega yao, ukaribu wao, na starehe yote iko mbele yao, nyuma ya picha. Sura hazipo, na bado unajua mambo mengi juu yao.

Mwaka 1937 Humphrey Spender aliingia Blackpool na kamera ndogo ya Leica aliyoificha ndani ya koti. Alikuwa akifanya kazi na Mass-Observation, mradi ulioanzishwa mwaka huo kuchunguza maisha ya kila siku ya Waingereza. Aliwafuata wafanyakazi wa Bolton mpaka kwenye likizo yao na kuwapiga picha wakati hawajajiandaa kupigwa.

Julai 1940 Weegee, mpiga picha wa magazeti aliyezoea maiti na moto, aliupiga picha ufukwe wa Coney Island ukiwa umejaa pomoni, mchanga hauonekani. Huku mabanda ya burudani yakionekana mbali nyuma, maelfu ya watu wamegeuka kumtazama yeye. Wengine wanapunga mikono. Kamera ndiyo imekuwa mchezo.

Ninayempenda zaidi ni Bert Hardy. Alikuwa mpiga picha wa gazeti la Picture Post, mtoto wa familia maskini ya London. Mwaka 1951 alitaka kuthibitisha kwamba picha nzuri haihitaji kamera ya bei. Akaenda Blackpool na Box Brownie, ile kamera ya boksi isiyo na cha kurekebisha, na kupiga wasichana wawili waliokaa juu ya vyuma vya kando ya barabara ya ufukweni, wakicheka, upepo ukiwavuruga nguo. Ikawa moja ya picha zake zinazojulikana kuliko zote, na alikuwa amepiga vita, njaa na wafalme. Kwa hiyo ukiniambia simu yako ni ya zamani, nitakuambia habari za Hardy.

Diane Arbus alikwenda Disneyland mwaka 1962. Kasri alilipiga, ndiyo, lakini gizani, bila mtu hata mmoja, na bata maji mmoja kwenye maji meusi. Kasri la furaha likawa mahali pa kuogopesha. Akapiga pia miamba mikubwa ikiwa juu ya magurudumu. Miamba ya uongo, ikisubiri kupelekwa mahali ambapo watu wataamini ni ya kweli. Mimi nikiitazama namkumbuka shangazi na ndege yake.

Na kuna Martin Parr. Kati ya 1983 na 1985 alipiga picha New Brighton, mji wa ufukweni karibu na Liverpool, kwa rangi kali na flashi mchana kweupe: watoto wenye aiskrimu inayodondoka, takataka, foleni, mama kachoka. Kitabu chake, The Last Resort, kilitoka mwaka 1986, na wengi walimshambulia kwamba amewadhihaki watu wa tabaka la wafanyakazi. Wengine walisema ni upendo usio na unafiki. Mimi bado sijaamua. Sisi watu wa Pwani tuna sababu ya kusita hapo. Babu zetu walipigwa picha na kuuzwa kama kadi za posta, bila majina, kwa wasafiri wa meli. Tunajua jinsi inavyokuwa kugeuzwa mapambo ya picha ya mtu mwingine.

Ukiwaweka wote pamoja utaona kitu kimoja. Hakuna aliyepata picha yake kwa kuipiga rola kosta vizuri zaidi. Walipata kwa kugeuka. Walitazama waliosubiri, waliochoka, waliokaa pembeni, na yale ambayo bustani yenyewe haikutaka yaonekane.

Picha moja ya baba

Sasa nirudi kwenye ile picha moja.

Ilikuwa mwaka 1998, nina miaka minane, kwenye bustani moja kaskazini mwa Uingereza. Mimi na dadangu tulipanda rola kosta kwa mara ya kwanza bila mtu mzima. Tulipotoka, tukajikuta kwenye skrini: mimi nimefumba macho, dadangu anapiga mayowe. Tukamvuta baba tukimwomba atununulie. Akauliza bei, akaambiwa, akacheka kile kicheko chake cha Kimombasa.

"Pesa yote hiyo kwa picha ya mtu anayelia? Na mimi nina kamera hapa?"

Akaiinua kamera yake, akaielekeza kwenye skrini, akapiga.

Mnaojua filamu mmeshajua kilichotokea. Flashi iligonga kioo ikarudi. Picha ilipotoka kusafishwa, sisi hatukuonekana hata kidogo. Katikati kuna mwanga mweupe kama jua. Lakini kuzunguka ule mwanga, kwenye kioo cheusi, yumo baba. Kofia yake, jaketi yake ya buluu, kiwiko kimeinuka, kamera imeziba nusu ya uso. Nyuma yake, kwa mbali, anaonekana mama akiwa na mifuko yetu yote mabegani na jaketi za watu watatu mkononi. Hakuna mtu aliyempanga. Hata hajui kama anapigwa.

Miaka yote hiyo ilikaa nyuma ya albamu, kwenye bahasha ya zilizoharibika. Baba hakutupa picha, hata mbovu, alikuwa amezilipia.

Niliposema tuiweke kwenye kijitabu, dadangu alikataa. "Watu watacheka. Hata uso haujaonekana vizuri." Tukabishana. Tulikuwa na picha ya harusi, picha ya kitambulisho cha kazini, na picha mbili za simu za miaka ya mwisho, amekonda. Mama alikuwa amekaa kimya tu. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua, akaishika karibu na taa.

"Wekeni hii," akasema. "Kila tulipotoka, mimi nilimwona hivi. Kamera usoni."

Tukaiweka.

Sitawaambia kwamba babangu alikuwa Walker Evans. Alikuwa dereva wa basi aliyekataa kulipa pauni kadhaa. Lakini katika picha zaidi ya 200, ile aliyoikosea ndiyo pekee ambayo haikuamuliwa na bustani. Inaonyesha kilichokuwa kikitokea kweli: watoto wanafurahi mahali fulani ndani ya mwanga, baba anahangaika kuuhifadhi huo mwanga, mama kabeba mizigo. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yetu hapa, na hayapo kwenye picha hata moja ya zile za kusimama wima.

Ukienda kiangazi hiki

Kwa kuwa huwa mnaniuliza "sasa tufanyeje," haya ninayoyafanya mimi.

Piga ile picha ya mlangoni. Usiidharau. Bibi aliyeko nyumbani anaitaka, na yeye ana haki ya kuona mmefika. Ukimaliza, geuka. Mpe mgongo mchezo wenyewe utazame foleni, benchi, geti la kutokea ambapo watu wanashuka magoti yakitetemeka. Mvua ikinyesha usikimbie. Waingereza wakiwa wamevaa mifuko ya plastiki juu ya gurudumu kubwa ni kitu ambacho hakuna kibao kitakuonyesha. Subiri jioni taa zinapowashwa na watoto wadogo wamelala mabegani. Watoto wa watu wengine usiwapige bila ruhusa, na mtu aliyechoka umwombe kwanza. Na kioo kikitokea mbele yako, kitumie.

La mwisho ndilo kubwa. Katika kila familia kuna anayeshika kamera na kuna anayeshika mifuko. Hao wawili hawamo kwenye albamu. Kwa saa moja tu, wapokonye vitu vyao.

Agosti iliyopita tulikwenda na watoto wa dadangu. Wao walikuwa juu huko, wanapiga mayowe. Dadangu alikuwa chini karibu na geti, jaketi nne mkononi, mkoba begani, chupa ya maji kwapani, anatazama juu, jicho moja limefumbwa kwa jua. Nikampiga.

"Mbona wanipiga mimi?" akasema. "Watoto si wako kule?"

Kipindi kijacho cha podikasti tutafungua albamu zenu. Tutumieni picha moja iliyoharibika, ile iliyokaa kwenye bahasha ya nyuma, na mtuambie nani yumo.